TAMBUKARELI SI MAHALI PA KUBAHATISHA

Hapana mahali panapopima nidhamu ya msafiri kuliko pale barabara ya vumbi inapokatana na njia ya reli katikati ya pori. Hapo mara nyingi hapana askari, hapana taa, wala hapana geti la kushusha. Pana vyuma viwili vilivyolala juu ya mataruma, kibao kimoja ambacho pengine kimekwisha kung'olewa, na dhamiri ya mtu aliyeshika usukani. Ndugu zetu wa Bara hupaita mahali hapo tambukareli, na neno hilo limezoeleka hata likawa jina la mitaa mjini Dodoma na Tabora. Jina ni jepesi mdomoni, lakini tendo lenyewe si jepesi, na wengi wamelifanya kwa pupa wasiwahi kufika upande wa pili.

Msomaji wa Unguja au wa Pemba anaweza kuuliza: sisi watu wa visiwani na reli, wapi na wapi? Swali hilo ni la haki nalo linastahili jibu. Kwanza, sisi si wageni wa garimoshi. Kabla ya reli ya Tanga kuanza kujengwa mwaka 1893, na kabla ya ile ya Mombasa kuanza mwaka 1896, Unguja ilikuwa tayari imeiona reli. Mwaka 1879 Sultani Barghash bin Said alijengewa reli ndogo ya maili 7 kutoka mjini hadi Chukwani, ambayo mabehewa yake yalivutwa kwanza na nyumbu, kisha kikaagizwa kichwa cha mvuke kutoka Uingereza. Reli ile ilikufa pamoja na mwenyewe mwaka 1888. Mnamo mwaka 1905 kampuni moja ya Kimarekani ikajenga reli nyingine ya maili 7, kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu. Treni ile ilipenya katika njia nyembamba za mji, ikapita karibu na milango ya watu, na cheche zake zikaunguza mali na mashamba yaliyopakana nayo. Wazee wetu basi waliyajua mapema matatizo ya kuishi ubavuni mwa reli kabla ya watu wengi wa Afrika ya Mashariki.

Pili, na hili ndilo kubwa, Mzanzibari wa leo ni msafiri. Hushuka botini Dar es Salaam na palepale huunganisha safari ya kwenda Dodoma, Singida, Tabora, Mwanza au Kigoma. Wapo wafanyabiashara wetu katika miji hiyo yote, wapo vijana wetu katika Chuo Kikuu cha Dodoma, na wapo Wabunge wetu wanaohudhuria vikao vya Bunge la Jamhuri ya Muungano katika mji huohuo. Mabasi wanayoyapanda hufuata njia ambayo kwa sehemu kubwa inakwenda sambamba na Reli ya Kati, na mahali kadhaa njia hizo mbili hukutana. Kwa hiyo roho zinazopita tambukareli ni roho zetu pia.

Tarehe 29 Novemba 2023, katika Wilaya ya Manyoni, Mkoa wa Singida, basi la abiria lililotoka Mwanza likielekea Dar es Salaam liligongana na treni. Watu 13 walipoteza maisha na wengine zaidi ya 30 walijeruhiwa. Taifa lilisikitika, viongozi walituma rambirambi, magazeti yaliandika kwa siku chache, kisha mambo mengine yakaja. Makala haya yanaandikwa kwa sababu msiba wa namna ile si wa kusahauliwa kwa siku chache.

Reli mpya na reli kongwe

Ni lazima kwanza tuseme ukweli wa mambo yalivyo, maana si haki kulaumu pasipostahili lawama. Serikali ya Jamhuri ya Muungano imejenga reli ya kisasa ya kiwango cha kimataifa, inayotumia umeme. Treni zake zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na kufika Dodoma mwishoni mwa Julai mwaka huohuo. Treni iliyosanifiwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa haiwezi kabisa kuachwa ikutane na mkokoteni wa ng'ombe. Kwa hiyo njia yake imezungushiwa uzio, na barabara zimepitishwa juu yake kwa madaraja au chini yake kwa vipenyo. Hiyo ndiyo tiba timilifu ya ugonjwa huu: barabara na reli zisikutane kabisa.

Lakini reli mpya haikuifuta ya zamani. Reli ya mita moja, ambayo ujenzi wake kutoka Dar es Salaam ulianza mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ingali ikibeba mizigo na abiria. Ingalipo pia reli ya Tanga, Moshi na Arusha, na ingalipo Reli ya Uhuru, TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ambayo kilomita 975 zake zimo ndani ya Tanzania. Reli hizi zilijengwa katika zama ambazo vijiji vilikuwa vichache na magari yakihesabika. Wajenzi waliacha vivuko vichache pale palipokuwa na haja. Tangu hapo nchi imekua, vijiji vimeongezeka, wakulima wamefungua mashamba pande zote mbili za reli, na kila shamba limejitafutia njia yake. Njia ya miguu huwa njia ya baiskeli. Ya baiskeli huwa ya pikipiki. Na siku moja lori la magunia ya mahindi hupita hapohapo, mahali ambapo hapakupimwa na mtu wala kuandikwa katika daftari lolote.

Hatari nyingine huzaliwa na mazoea. Panapopita treni moja au mbili kwa siku, mwenyeji huvuka mara elfu bila ya kuiona, na nafsi yake humwambia kwamba haipo. Tazama reli ya kaskazini. Safari za treni ya abiria kwenda Moshi zilirejeshwa mwezi Desemba 2019, na za Arusha mwaka 2020, baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20. Kijana aliyezaliwa na kukua kando ya reli ile alikuwa ameijua kama uchochoro wa kupitia na kiwanja cha kuanikia nafaka. Kurudishwa kwa treni ni heri kubwa kwa wananchi, lakini heri hiyo hutaka wananchi wafundishwe upya namna ya kuishi na reli iliyo hai.

Hesabu ya uhai na mauti

Wapo wanaodhani kwamba dereva wa treni akiona basi limekwama relini anaweza kushika breki akasimama, kama afanyavyo dereva wa daladala anapoona abiria. Dhana hiyo imeua watu. Hebu tufanye hesabu pamoja.

Chukua treni ya mizigo yenye mabehewa 20, kila moja likiwa na uzito wa tani 50. Jumla yake ni tani 1,000 bila ya kichwa. Basi la abiria lililojaa lina uzito wa tani 15 au zaidi kidogo. Mzigo huo wa tani 1,000 huteleza kwa gurudumu la chuma juu ya chuma, na kwa ajili hiyo ndiyo treni huweza kuvuta vitu vizito kwa mafuta kidogo. Lakini kwa sababu hiyohiyo haisimami upesi. Treni ya namna hiyo ikiwa katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, dereva akafunga breki zote, itahitaji kiasi cha nusu kilomita au zaidi kabla ya kusimama. Tena dereva wa treni hawezi kukwepa. Usukani hana, njia yake amechaguliwa na mataruma. Anachoweza kufanya ni kupiga honi, kufunga breki na kumwomba Mungu.

Sasa tuje kwa dereva wa lori. Treni katika mwendo ule wa kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kwa kila sekunde moja. Lori lililosheheni, likisimama mbele ya reli na kuondoka kwa gia ya kwanza juu ya tuta la kokoto, huhitaji kiasi cha sekunde 10 mpaka mkia wake uwe umevuka salama. Ongeza sekunde 3 au 4 za dereva kutazama na kukata shauri. Katika muda huo treni imekwenda zaidi ya mita 220. Maana yake ni kwamba dereva huyo hana usalama ila akiweza kuona reli kwa urefu wa mita 220 kushoto na kulia. Ikiwa kichaka, kibanda cha biashara au kona ya mlima inamziba asione zaidi ya mita 100, basi treni anayoiona itamfikia kwa sekunde 6, na yeye anahitaji 13. Hapo hata dereva mwangalifu, aliyesimama na kutazama kama alivyofundishwa, anaweza kuuawa, na kosa si lake. Kosa ni la kichaka, na kichaka kina mtu aliyepaswa kukifyeka.

Liko pia jambo la macho. Mwaka 1985 mtaalamu mmoja wa saikolojia wa Marekani, Herschel Leibowitz, aliandika kueleza kwamba jicho la binadamu hudanganyika kuhusu mwendo wa vitu vikubwa: kitu kikubwa huonekana kwenda polepole kuliko kilivyo. Wavuvi wetu hawahitaji kuthibitishiwa hilo. Meli kubwa katika mkondo wa Unguja huonekana kama imetia nanga, na ngalawa iliyo karibu huonekana ikikimbia. Lakini mwenye ngalawa anayethubutu kukata mbele ya meli ile hujua ghafla ni nani mwenye mbio. Dereva aliye tambukareli naye hutazama kichwa cha treni kikija moja kwa moja, akakiona kama kimesimama, akajiambia kwamba nafasi anayo. Nafasi hana.

Kudra na uzembe

Kila baada ya msiba tunasikia watu wakisema kwamba ajali haina kinga. Kauli hii huwaliwaza wafiwa, na katika matanga ina mahali pake. Lakini haina mahali katika ofisi ya mhandisi, wala katika kikao cha halmashauri. Sote tuliokaa chini ya mwalimu wa chuoni tulifundishwa kwamba kumtegemea Mungu hakumwondolei mtu wajibu wa kumfunga ngamia wake. Kuamini kudra ni jambo la imani. Kuacha kivuko bila ya kibao kwa miaka kumi ni jambo la uzembe, na haifai kuuvisha uzembe kanzu ya imani.

Kauli ya pili tunayoisikia ni kwamba dereva wa basi ndiye mwenye kosa. Mara nyingi ni kweli. Dereva anayekimbizana na saa, anayeona kusimama mbele ya reli ni kupoteza muda, anastahili kushikwa na sheria. Lakini lawama juu ya dereva ina raha yake kwa wengine: ikishatamkwa, mafaili hufungwa. Dereva amekufa au amefungwa, na kivuko kimebaki vilevile kikimngoja dereva mwingine. Uchunguzi wa kweli hauishii kwenye kuuliza nani alikosea. Huuliza pia ni kitu gani kilichorahisisha kosa, na kosa hilo litazuiwa vipi kesho.

Tukiuliza hivyo tunafika kwenye mzizi wa tatizo. Kivuko cha reli ni mahali pa mikono mingi. Reli ni ya Shirika la Reli au ya TAZARA. Barabara kuu na za mikoa zipo chini ya TANROADS. Barabara za vijijini na mijini ni za TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Udhibiti wa usafiri wa nchi kavu, wa reli na wa barabara, uko kwa LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Makosa ya madereva ni ya Polisi. Ardhi inayozunguka ina serikali ya kijiji. Wahenga wa pwani walisema kwamba nahodha wengi chombo huenda mrama. Kibao kikianguka, kila mmoja anaweza kuona kwamba ni kazi ya jirani yake. Hatusemi kwamba vyombo hivi havifanyi kazi; tunasema kwamba kwenye kila kivuko lazima ajulikane mmoja ambaye, kukitokea upungufu, ndiye atakayeulizwa.

Waliotutangulia kuumia

Nchi nyingi zimepita katika njia hii kwa machozi. Si aibu kujifunza kwao.

Huko Misri, tarehe 17 Novemba 2012, karibu na mji wa Manfalut katika Mkoa wa Assiut, treni iligonga basi lililojaa watoto wadogo waliokuwa wakienda skuli. Watoto wapatao 50 walifariki. Kivuko kile kilikuwa na geti, na kilikuwa na mlinzi. Lakini geti halikufungwa. Waziri wa Uchukuzi alijiuzulu. Fundisho la Manfalut ni kwamba geti si dawa kwa kuwa limejengwa tu. Mlinzi aliyewekwa peke yake usiku na mchana, bila ya mwenzake wa kumpokea, bila ya simu ya kumjulisha kwamba treni imeondoka stesheni ya jirani, ni geti lisilokuwepo.

Huko Uingereza, tarehe 6 Januari 1968, katika kijiji cha Hixon, gari kubwa lililobeba transfoma ya tani 120 lilikuwa likivuka reli kwa mwendo wa kutambaa, kwenye kivuko cha geti linalojifunga lenyewe. Treni ya haraka ikaligonga, na watu 11 wakafa. Simu ya kumwuliza mwongoza treni ilikuwepo kando ya kivuko, lakini hakuna aliyeitumia, na maelezo yake hayakuwa ya kumfikia dereva kwa urahisi. Baada ya uchunguzi wa hadhara, taratibu na vibao vya vivuko vilibadilishwa. Fundisho lake ni kwamba chombo cha usalama kisichoeleweka na mtumiaji ni pambo.

Nchini India, tarehe 26 Aprili 2018, katika Wilaya ya Kushinagar, gari la skuli liligongwa na treni kwenye kivuko kisicho na geti, na watoto 13 wakafa. Iliripotiwa kwamba alikuwepo mtu aliyewekwa kuwatahadharisha wapitao, na kwamba alijaribu kumzuia dereva, lakini dereva hakusikia. Serikali ya India haikuishia katika kumlaani dereva. Iliharakisha mpango wake wa kuviondoa vivuko visivyo na walinzi, ambavyo vilikuwa maelfu, na kufikia tarehe 31 Januari 2019 vyote vilivyokuwa katika reli zake kuu za njia pana vilikuwa vimeondolewa. Vingine vilifungwa, vingine viliunganishwa na kivuko cha jirani, vingine vilichimbiwa kipenyo cha chini, na vingine vilipewa geti na mlinzi. India ni nchi yenye vijiji vingi na wakulima wengi kama sisi. Waliloliweza wao haliwezi kuitwa ndoto.

Na nchini Marekani, baada ya treni kuligonga basi la wanafunzi katika jimbo la Utah mwezi Desemba 1938 na kuua zaidi ya watu 20, ilienea desturi, kisha ikawa sheria, kwamba basi la skuli lazima lisimame mbele ya kila reli, na dereva afungue mlango ili asikilize pamoja na kutazama. Mwaka 1972 katika jimbo la Idaho ilianzishwa kampeni ya kuwafundisha wananchi, nayo ikaenea nchi nzima. Wakati huo nchi ile ilikuwa na migongano kama 12,000 kwa mwaka kwenye vivuko. Leo ni kiasi cha 2,000. Upungufu huo haukuletwa na mafundisho peke yake, maana taa, mageti na madaraja yaliongezwa pia. Lakini unaonesha kwamba pale elimu, sheria na uhandisi vinapokwenda pamoja, watu huacha kufa.

Yanayowezekana kuanzia sasa

Hapana shaka ataulizwa msemaji: fedha ziko wapi? Ni kweli kwamba daraja juu ya reli ni ghali, na haiwezekani kujenga daraja kwenye kila njia ya ng'ombe. Lakini yapo mambo yasiyohitaji fedha nyingi, nayo ndiyo ya kutangulia.

La kwanza ni kuhesabu. Kila kivuko, kilicho halali na kisicho halali, kiandikwe katika daftari moja, kipewe nambari, na mbele ya nambari hiyo liandikwe jina la taasisi inayowajibika. Nambari hiyo ibandikwe pale kivukoni pamoja na nambari ya simu ya chumba cha kuongozea treni, ili lori likikwama, utingo wake apige simu na kusema kivuko nambari fulani kimezibwa, treni izuiwe ikiwa bado iko stesheni. Nusu saa ya tahadhari huokoa treni nzima.

La pili ni kufyeka na kusawazisha. Vichaka na vibanda vinavyoziba macho viondolewe kila baada ya mvua, na kazi hii inaweza kukabidhiwa vikundi vya vijana wa vijiji vya karibu kwa ujira. Barabara inapolikaribia tuta la reli isiwe na mwinamo mkali, wala isikatize kwa upande, maana tela refu hunasa tumbo juu ya tuta, na dereva anayekatiza kwa upande hulazimika kutazama nyuma ya bega lake.

La tatu ni kufunga na kuunganisha. Vijiji viwili vyenye vivuko vinne ndani ya kilomita moja vinaweza kukubaliana kubaki na kimoja kilicho bora. Jambo hili lisifanywe kwa amri ya usiku mmoja wala kwa kuchimba mtaro bila ya kusema na watu. Mkulima aliyefungiwa njia ya shamba lake atafungua nyingine mbaya zaidi. Waitwe katika mkutano wa kijiji, waelezwe hesabu ya sekunde, wachague wenyewe, kisha Serikali iwatengenezee kile walichokichagua.

La nne ni alama. Kibao cha mbao mbili zilizopishana, kibao cha SIMAMA, matuta ya kupunguza mwendo kabla ya reli, na ubao wa kumkumbusha dereva wa treni apige honi, si vitu vya anasa. Wezi wa vyuma chakavu huvipenda vibao vya chuma. Basi vitengenezwe kwa saruji au kwa mbao, na anayenunua chuma cha reli au cha barabara ashitakiwe sawasawa na mwizi wake.

La tano ni nidhamu ya mabasi. Kila basi la abiria na kila gari la wanafunzi lisimame kabisa mbele ya reli, utingo ashuke, avuke kwa miguu, atazame pande zote mbili, kisha amwite dereva. Hili halihitaji mkopo wa benki. Huchukua dakika moja. Abiria wasimlaumu dereva anayesimama, bali wamkanye asiyesimama.

Wajibu wa visiwani

Sisi wa Unguja na Pemba tunalo fungu letu. Hapa kwetu hapana reli leo, kwa hiyo kijana anaweza kujifunza udereva, akapata leseni, akavusha gari lake Bara, na mara yake ya kwanza kukutana na kivuko cha reli ikawa usiku, kwenye mvua, akiwa amechoka. Skuli zetu za udereva na maofisa wanaotahini madereva wanafaa kulitia somo la reli katika mafunzo, japo reli yenyewe haipo: nini maana ya kila alama, kwa nini gari lisiingie relini mpaka pawe na nafasi ya kutosha upande wa pili, na kwa nini gari likinasa relini jambo la kwanza ni kuwashusha watu na kuwatoa mbali, wala si kulisukuma gari.

Wabunge wetu wanaokwenda Dodoma nao wana haki na wajibu wa kuuliza katika Bunge: nchi ina vivuko vingapi, vingapi vina walinzi, vingapi havina hata kibao, na ratiba ya kuvirekebisha ni ipi. Swali likiulizwa mwaka huu na jibu likaandikwa, mwaka ujao linaweza kuulizwa tena na majibu yakalinganishwa.

Tena tunajua, kuliko wengi, gharama ya tahadhari inayochelewa. Tarehe 10 Septemba 2011 ilizama MV Spice Islander I ikielekea Pemba, na tarehe 18 Julai 2012 ikazama MV Skagit ikitoka Dar es Salaam. Mamia ya ndugu zetu hawakurudi, na zipo nyumba ambazo hadi leo hazijapata hata kaburi la kuzuru. Tulisema wakati ule kwamba upakiaji wa kupita kiasi na ukaguzi hafifu havina budi kukomeshwa, na tulisema kweli; lakini tuliyasema baada ya kuzika. Yale tuliyojifunza baharini ndiyo yanayotupa haki ya kusema juu ya nchi kavu.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa mashirika ya reli, wa wakala za barabara na wa LATRA wakae katika meza moja, watoke na daftari la vivuko lenye jina la mwenye dhamana mbele ya kila kimoja, na walitangaze hadharani ili wananchi walisome. Tunawaomba wenye mabasi wawaruhusu madereva wao kupoteza dakika moja kwenye kila reli bila ya kukatwa ujira. Na tunawaomba wasafiri wote, wa visiwani na wa Bara, gari lifikapo tambukareli wanyamaze kidogo, watazame pamoja na dereva, na wasikubali kuvushwa kwa pupa.